Nane Iliyokatwa Kiuno

Mama yule aliitoa karatasi kwenye leso, leso kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko kifuani ndani ya sweta. Ilikuwa imekunjwa mara mbili ikawa robo, jinsi watu wanavyokunja kitu cha maana ili kisionekane na kisilowe. Akaikunjua juu ya meza ya kupimia maziwa, akailainisha kwa kiganja, kisha akaweka kidole katikati.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Ni elfu kumi na nane ama ni elfu kumi?"

Nikainama. Mkunjo ulikuwa umepita juu ya mstari wa jumla, katikati kabisa ya tarakimu, na wino wa printa ulikuwa umebanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Juu ya mkunjo vilibaki vichwa vya tarakimu, chini yake miguu. Ya pili ilikuwa nane. Lakini nane ukiikata kiuno inabaki sifuri, na karatasi ile ilisomeka vizuri tu, bila aibu yoyote: 10,460.

"Ni kumi na nane, mama. Elfu kumi na nane, mia nne na sitini."

"Basi mbona yule kijana wa mikopo amenihesabia kumi?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu karatasi ile ilitoka mikononi mwangu. Si kwa kalamu, kwa programu. Kila neno lake nilikuwa nimelipangia mahali pake kwa hesabu, na katika hesabu zote hizo sikuwahi kujiuliza karatasi itakunjwa wapi.

Ushirika wenyewe sitautaja. Uko upande wa Njoro, ukishapita Chuo Kikuu cha Egerton ukaanza kuionja baridi ya Mau. Una wanachama 340. Kila mmoja huleta maziwa asubuhi, wengine na jioni pia, karani anapima na kuandika, na mwisho wa mwezi kila mtu anapewa hati yake ya malipo: lita za kila siku, bei, makato ya agroveti na ya hisa, halafu kinachobaki. Kwa miaka mingi hati hizo ziliandikwa kwa mkono kwenye vitabu vya kaboni. Karani, dada mmoja mwenye subira kuliko mimi, alikuwa akikesha siku tatu za mwisho wa mwezi. Mimi naishi Nakuru, Section 58, kazi yangu ni kuandika programu, na shangazi yangu ni mwanachama wa ushirika huo. Shangazi akikuambia "wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" hilo si swali.

Nilichukua Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba iitwayo ReportLab, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine kwa ajili ya kutengeneza PDF. Maktaba hii ilianzia London mwaka 2000 (London ya Uingereza, si mtaa wetu wa London hapa Nakuru) na ni programu huria. Unaichukua, unaitumia, hudaiwi. Kwa miaka kadhaa hata makala za Wikipedia ukizipakua kama PDF zilikuwa zikipitia mikononi mwake. Ni kama nyumba ya ghorofa mbili. Chini kuna turubai, mahali unapochora kila kitu mwenyewe. Juu kuna sehemu inayoitwa Platypus, ambako unataja tu unachotaka kionekane na yenyewe inajua pa kukiweka. Jina ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, na pia ni mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, lakini huyo tumwache aogelee.

Mwongozo unakushauri uanzie ghorofa ya juu. Mimi nilianzia chini, kwa kiburi tu. Nilijiambia hati ya malipo ni kitu kidogo, jina, jedwali, jumla, ya nini kujitwisha mzigo?

Huko chini, ukurasa ni kama ile karatasi ya grafu tuliyochorea darasani. Sifuri iko pembe ya chini kushoto, si juu kama ulivyozoea kwenye skrini. Kipimo ni pointi, ambapo inchi moja ina pointi 72, kwa hiyo karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa 842, ukikadiria vipande vya desimali. Unaiambia turubai: andika jina hili, pointi 50 kutoka kushoto, 780 kutoka chini. Inaandika. Kisha unashuka pointi 20 na kuandika mstari unaofuata. Nilitumia 20 kwa sababu wazee wengi pale hawasomi herufi ndogo. Nilipiga hesabu, nikajaribu, mstari wa mwisho, yaani jumla, ukatua pointi 32 kutoka chini ya karatasi. Ulibanwa kidogo, lakini ulikaa.

Hiyo ilikuwa Februari. Siku 28.

Msomaji mwepesi ameshajua kilichotokea. Machi ilikuja na siku zake 31, mistari mitatu zaidi, pointi 60 chini zaidi. Toa 60 kwenye 32. Jumla ya kila mwanachama iliandikwa kwa uaminifu mkubwa pointi 28 chini ya ukingo wa karatasi, mahali ambapo pangekuwa meza kama printa ingekuwa na mkono mrefu. Na programu haikulalamika, kwa sababu kwenye PDF si kosa kuchora nje ya ukurasa. Maandishi yamo ndani ya faili, ila hakuna jicho litakaloyaona. Karani alichapa nakala 340, akazigawa, akanipigia simu kabla ya saa nne.

"Kuja haraka. Wazee wanasema jumla imeliwa."

Nilipanda matatu ya Njoro nikiwa nimekumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa. Sitasimulia mkutano wa siku ile. Mzee mwenyekiti alinitetea, lakini kwa namna ya mtu anayemtetea ng'ombe aliyeingia shamba la jirani.

Usiku ule niliifungua faili yenyewe kwa kihariri cha maandishi ya kawaida, jambo ambalo ningemshauri kila anayeshughulika na PDF alifanye walau mara moja. Mstari wa kwanza unaanza na %PDF na namba ya toleo. Kisha vinafuata vitu vyenye namba: kitu cha 1, kitu cha 2, huu ni ukurasa, hii ni fonti, haya ni maandishi yaliyobanwa yasiyosomeka kwa macho. Mwishoni kuna jedwali linalosema kila kitu kinaanzia baiti ya ngapi, na chini kabisa %%EOF. Kisomaji cha PDF huanzia mkiani: kinalitafuta lile jedwali, kisha kinaruka moja kwa moja hadi kitu kinachotakiwa. Ndiyo maana unaweza kufungua ukurasa wa 300 bila kusubiri zile 299 zilizotangulia. Na ndiyo maana pia faili iliyokatika njiani kwa sababu ya intaneti mbovu mara nyingi hukataa kufunguka. Kilichopotea ni mkia, na ramani ilikuwa mkiani.

Kitu ambacho sikukikuta humo ndani ni aya. Hakuna safu, hakuna jedwali. Kuna maagizo tu: nenda hapa, weka herufi hizi, nenda pale, piga mstari. Jedwali ni kitu kilichokuwa kichwani mwangu. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu ya Adobe, alipoandika mpango wake mwaka 1991 chini ya jina la Camelot, alitaka hati iweze kutumwa popote, ifunguke kwenye mashine yoyote, ichapwe kwa printa yoyote, na ibaki vilevile. PDF ikatoka 1993, na mwaka 2008 ikafanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ibaki vilevile: hilo ndilo lililotakiwa, na hilo ndilo nililopata, pamoja na jumla yangu iliyobaki vilevile nje ya karatasi. Kazi ya kujua kwamba mistari imezidi ukurasa haikuwa ya PDF. Ilikuwa yangu, au ya mtu niliyestahili kumkabidhi.

Nikapanda ghorofa ya juu.

Kule unatengeneza orodha, na mwongozo wenyewe unaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya hadithi. Nikalipenda, nikaibatiza hivyo kwenye msimbo:

hadithi = []
hadithi.append(Paragraph(jina, mtindo_wa_jina))
hadithi.append(Table(siku, repeatRows=1))
hadithi.append(KeepTogether([jumla, sahihi]))
hati.build(hadithi)

Hakuna pointi 50 wala 780. Kila kitu kwenye orodha kinaulizwa kwa zamu: nafasi iliyobaki ni hii, wewe unahitaji kiasi gani? Kikitosha kinachorwa. Kisipotosha kinaulizwa kama kinaweza kugawanyika. Jedwali linaweza, linakatika kati ya safu na safu, na ile repeatRows=1 inalifanya lirudie vichwa vyake kwenye ukurasa unaofuata, ili mtu asikutane na tarakimu zisizo na wenyewe. KeepTogether inasema jumla na mahali pa sahihi visitenganishwe. Kama nafasi haivitoshi vyote viwili, vihamie ukurasa mwingine pamoja, kama bibi na mzigo wake. Februari, Machi, mwanachama mwenye makato kumi na mbili, yote sasa ni mamoja.

Kuna kituko kimoja. Ushirika ulitaka nakala mbili za kila hati, ya mwanachama na ya ofisi, zikiwa na vichwa tofauti. Nikaita build, ile amri ya mwisho inayotengeneza faili, mara mbili kwa orodha ileile. Faili ya kwanza ilitoka safi, ya pili haikuwa na neno hata moja. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kuelewa kwamba build huitoa hadithi kitu baada ya kitu inapoisimulia, na ikimaliza, orodha inabaki tupu. Hadithi ikishasimuliwa imekwisha. Ukitaka tena, itunge tena. Bibi yangu hakuwa na tabia hiyo, yeye alirudia sungura na fisi mpaka tukalala.

Tatizo la majina lilinigusa zaidi. Maktaba ikianza kazi hutumia Helvetica, mojawapo ya fonti 14 ambazo kila kisomaji cha PDF kinatarajiwa kuwa nazo, kwa hiyo haziwekwi ndani ya faili. Zinatosha Kiswahili. Zinatosha Kiingereza. Lakini pale Njoro una Wakalenjin, una Wakikuyu, na baadhi ya wanachama wamesajiliwa na watoto wao walimu wanaoandika majina kama yanavyopaswa kuandikwa: Wanjikũ, Mũthoni, Njeri wa Kĩmani. Zile ũ na ĩ hazimo katika usimbaji wa herufi unaotumika kwa fonti hizo. Hati zilitoka na vijisanduku vyeusi katikati ya majina ya watu. Karani alisema tu, "Si waondoe hizo mikia?" Ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya, na mtu anazeeka akiwa na jina ambalo kompyuta ilimchagulia. Tiba yenyewe ni mistari miwili: unaisajili fonti ya TrueType yenye herufi hizo, mimi nilichukua DejaVu Sans, na kuitaja kwenye mitindo. Maktaba inaiweka ndani ya faili, tena si fonti nzima, ni zile herufi tu zilizotumika, kwa hiyo faili haivimbi. Sioni sababu yoyote ya mtu kukatwa mkia wa jina lake kwa ajili ya mistari miwili.

Kuhusu leja ya ofisi, ile yenye kila mwanachama na kila siku, safu 10,540 kwa mwezi wa siku 31, nitasema tu kwamba jedwali la kawaida lilijikokota kwa sababu lilikuwa linapima kila seli kutafuta upana wa safu wima. Nilitaja upana mwenyewe, nikatumia LongTable, jedwali la maktaba hiyohiyo kwa ajili ya safu nyingi, badala ya Table, mambo yakasonga. Na kwa wale watakaouliza kwa nini nisitengeneze ukurasa wa wavuti kisha niugeuze PDF: nimewahi, na kwa ankara zenye urembo ni njia nzuri. Ila laptopu ya karani ni ya zamani, na kuisimamishia kivinjari kizima nyuma ya pazia ili ichape hati za maziwa ni kukodi lori kubeba ndoo.

Basi nilikuwa nimeridhika. Ili kubana kila kitu kwenye karatasi moja niligawa siku mara mbili, 16 kushoto na 15 kulia, jumla ikaja chini yake mara moja. Nilipoitazama kwenye skrini niliona mstari wa jumla umekaa katikati ya ukurasa, umekolezwa wino, unapendeza. Katikati ya ukurasa! Milimita 148 na nusu kutoka juu, 148 na nusu kutoka chini. Hapo ndipo A4 inapokunjwa na kila binadamu.

Printa ya ushirika ni ya leza, na tona ya leza si maji yanayozama kwenye karatasi. Ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kugandia juu. Ukikunja, ganda linapasuka. Ukikunja na kukunjua kila siku kwa wiki tatu ndani ya sweta, linabanduka. Lita 412 kwa shilingi 50 ni 20,600. Toa 1,540 za agroveti, toa 600 za hisa, unapata 18,460. Kijana wa mikopo angejumlisha mwenyewe angeliona kosa, lakini nani anajumlisha kitu ambacho kimeshajumlishwa na kompyuta?

Nilimwandikia mama barua ya kuthibitisha, karani akaigonga muhuri. Kisha nikawapa watu pale karatasi tupu, karani, shangazi, mzee mwenyekiti, vijana wawili wa mitungi, nikawaomba wazikunje kama wanavyokunja hati. Walidhani nimechanganyikiwa. Nikapima mikunjo kwa rula. Wote waliikunja robo, na aliyekosea zaidi alikwenda kando ya katikati kwa milimita 4. Mzee mwenyekiti hakukosea hata moja.

Marekebisho yalikuwa ya ghorofa ya juu tena. Ukurasa wa Platypus unajazwa ndani ya fremu, na ukipenda unaweka fremu zaidi ya moja. Mimi niliweka mbili, moja nusu ya juu na moja nusu ya chini, na kati yao nikaacha milimita 12 zisizo na kitu, sita kila upande wa mkunjo. Maandishi yakijaza fremu ya juu yanarukia ya chini yenyewe. Hayawezi kutua kwenye pengo hata yakitaka, kwa sababu kwao pengo halipo. Mkunjo wa wima, ule wa milimita 105, niliutatua kwa upana wa safu: mpaka kati ya maelezo na pesa ukaangukia hapohapo, na kule chini mpaka kati ya siku za kushoto na za kulia. Jumla nikaipandisha juu, chini ya jina, kwa sababu hilo ndilo watu wanalotafuta kwanza. Siku zote na lita zake nikazipeleka nusu ya chini kwa FrameBreak, amri ya neno moja inayosema endelea kwenye fremu inayofuata.

Mwezi uliofuata nilikwenda mwenyewe siku ya kugawa. Kulikuwa na ukungu, mitungi inagongana, na harufu ile ya maziwa yaliyomwagika jana. Mama akaipokea yake, akaisoma jumla kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali. Akaikunja mara moja, akapitisha ukucha juu ya mkunjo mbele na nyuma. Nikafurahi. Kisha akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili, akaipasua.

"Mama!"

"Nini?" Kipande cha juu alikitia kwenye leso. "Hii ni ya pesa, naenda nayo mjini. Hii nyingine ni ya mzee nyumbani, yeye hupenda kuhesabu lita, ataanza kuniuliza siku ya tisa ng'ombe alikuwa na nini." Akakitazama kile kipande cha chini, mbele, nyuma. "Lakini hapa hamkuandika jina. Ikichanganyika na ya jirani?"

Jioni hiyo, nikiwa Section 58, niliongeza jina na namba ya uanachama juu ya fremu ya chini. Halafu nikashuka kwenye turubai, ghorofa ile ya kiburi changu, nikachora mstari mwembamba wa vistari pointi 421 kutoka chini, kutoka ukingo hadi ukingo, ili apasue sawasawa.